Twiga Waliolibeba Jumba: Kisa cha Giraffe Manor, Lang'ata

Ukisimama kwenye jukwaa la mbao la Giraffe Centre, kituo ambako umma huwalisha twiga kule Lang'ata, Nairobi, kisha ukaangaza ng'ambo ya nyasi, utaliona jumba la mawe lililovikwa majani tangu msingi hadi karibu na paa. Jumamosi tuliyokwenda, binti wa kaka yangu, mwenye miaka minane, alikuwa ameshika vidonge vya chakula kiganjani na twiga jike amekwisha kumnyoshea ulimi. Mtoto akamsahau twiga. Akanivuta mkono.

"Shangazi, kule kunakaa nani?"

"Wageni," nikamwambia. "Ni hoteli."

"Na twiga wao wako wapi?"

"Ni hawa hawa."

Akanyamaza kidogo akilipima jambo hilo, halafu akauliza swali ambalo sijaweza kulitoa kichwani tangu siku ile: "Sasa mbona sisi tuko huku?"

Jibu la haraka ni pesa. Kulala usiku mmoja Giraffe Manor, msimu wa wageni wengi, kunavuka dola 1000 kwa mtu mmoja. Vyumba ni 12 tu na watu huweka nafasi miezi mingi kabla, wengine mwaka mzima. Sisi tulipanda matatu nambari 24 kutoka mjini, tukashukia Hardy, tukatembea kwa miguu, na langoni tukalipa kiingilio cha raia, shilingi mia chache. Lakini swali la mtoto lina jibu jingine, refu zaidi, na ndilo ninalotaka kulifuata hapa. Nauweka msimamo wangu mapema: watalii huambiwa kwamba jumba lile liliokoa twiga. Mimi naona twiga ndio waliolibeba jumba. Na milango ile miwili, wa wenye dola na wa watoto wa shule, inategemeana kuliko wageni wa upande wowote wanavyofahamu.

Tuanze na mawe. Nyumba ilijengwa mwaka 1932 na Sir David Duncan, mtu wa familia iliyotajirika kwa tofi za Mackintosh. Alitaka nyumba ya mawindo kama zile za Uskoti, akaipata: kuta nene, madirisha marefu, madohani ya kuotea moto usiku wa baridi. Ardhi yake ilikuwa ekari 150 hivi, ikiteremka hadi mto Mbagathi, na vilima vya Ngong vikionekana upande wa magharibi.

Hapa nataka tutulie, kwa sababu picha za mitandaoni hupita juu juu. Jina Lang'ata ni la Kimaasai. Wamaasai walikwisha sukumwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 ili ardhi nzuri ya bonde na nyanda ibaki kwa walowezi, na sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa walowezi hao hati za miaka 999. Nyumba kubwa ya mlowezi haikusimama kwa mawe peke yake. Ilisimama kwa mpishi, dobi, boi wa nyumba, shamba boi na yaya, watu waliolipwa kidogo mno, na wanaume kati yao wakalazimishwa kutembea na kipande, kitambulisho cha kazi cha mkoloni, shingoni. Ukiziondoa hati zile na mishahara ile, jumba lenye vyumba vingi, bustani na kuni za dohani linageuka mzigo ambao hakuna familia moja inayoweza kuubeba kwa muda mrefu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uhuru ulipofika, hesabu ya majumba ya namna hii ilivurugika kote nchini. Katika miaka ya 1960 jumba la Duncan likanunuliwa na mwekezaji wa hapa nchini, likapangishwa kwa mmoja baada ya mwingine, likachakaa. Mpangaji hana uchungu na paa lisilo lake. Kama kisa kingeishia hapo, leo kungekuwa na nyumba nyingi za kisasa mahali pale, zenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu, kama zilivyo sehemu nyingi za Lang'ata na Karen zilizowahi kuwa mashamba makubwa.

Mwaka 1974 likanunuliwa na mume na mke, Jock na Betty Leslie-Melville. Jock alikuwa raia wa Kenya, mjukuu wa kabaila wa Kiskoti. Betty alikuwa Mmarekani kutoka Baltimore. Walilikuta jumba na wapangaji wake wa mwisho: twiga dume watatu wa porini waliokuwa wakila migunga ya humo bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiniuliza, kisa hiki kinaanzia kwa wale madume watatu, kwa sababu walionyesha kwamba mahali pale twiga anaweza kuishi karibu na mlango wa binadamu bila mmoja kumtoroka mwenzake.

Wakati huo huo, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kaskazini mwa Eldoret, ranchi kubwa ya Soy ilikuwa inakatwakatwa ili wananchi wapate mashamba. Ndani ya ranchi hiyo walikuwamo twiga wa Rothschild, twiga ambao kwa ujumla wake walikuwa wamebaki 130 hivi katika nyika za Afrika Mashariki. Utamtambua twiga huyu kwa miguu yake: chini ya goti hana madoa, ni kama amevaa soksi nyeupe. Wanasayansi wa jeni sasa wanamweka kundi moja na twiga wa Nubia, na zamani watu walimwita pia twiga wa Baringo. Jina lolote utakalompa, pale Soy alikuwa amefika mwisho wa njia.

Nasikia watu wakisimulia habari ya Soy kana kwamba wananchi wenye mashamba ndio waliokuwa maadui. Hilo silikubali. Familia iliyopata ekari chache baada ya kuishi miaka mingi kama maskwota kwenye ardhi ya baba zao ilikuwa na haki ya kupanda mahindi, na mahindi hayastahimili kundi la wanyama wenye urefu wa mita tano. Twiga naye hana habari ya beakoni, yale mawe ya mipaka ya mashamba. Pande zote mbili zilikuwa na dai la kweli. Serikali iliyorithi ardhi iliyogawanywa vibaya tangu mwanzo haikuwa na nafasi ya kuziridhisha zote palepale.

Jock na Betty walimchukua ndama mmoja jike wakamleta Lang'ata. Alikuwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi na bado anahesabiwa mtoto mchanga. Wakampa jina Daisy. Baadaye wakamwongeza dume, Marlon. Kitabu kiliandikwa, filamu ikatengenezwa, na kumlea twiga nyumbani kukawa habari ya dunia. Lakini ukiacha utamu wa hadithi, waliyafahamu mapema mambo mawili ya hesabu. Kwanza, ndama wawili hawaokoi ukoo, kinachotakiwa ni makundi kadhaa mahali tofauti ili ugonjwa au ukame usiwamalize kwa mpigo. Pili, twiga mzima hula kilo zipatazo 30 za majani kwa siku, na familia moja, hata yenye jumba la mawe, haina uwezo wa kulisha, kutibu na kusafirisha kundi zima.

Kwa hiyo mwaka 1979 wakaanzisha shirika lisilo la faida, African Fund for Endangered Wildlife. Mwaka 1983 Giraffe Centre ikafunguliwa kwa umma, hasa kwa wanafunzi. Mwaka uliofuata, 1984, Jock akafariki, na Betty akaanza kupokea wageni wa kulipa ndani ya jumba.

Tazama mpangilio huo. Lango la watoto lilifunguliwa kwanza, la hoteli likafuata. Mtoto aliponiuliza mbona sisi tuko huku, ningeweza kumjibu kwamba huku ndiko kulikotangulia. Sidhani ni jambo dogo. Hoteli ikitangulia, kila kinachokuja baadaye huwa ni hisani ya mwenye hoteli: darasa likiletwa ni siku ya kupiga picha, na ratiba ya watoto hupangwa pembeni ili isiwasumbue wageni. Pale Lang'ata, hoteli ilizaliwa ikiwakuta twiga wana shirika lao, jukwaa lao, na mabasi ya shule tayari yanaingia.

Kuhusu uamuzi wa Betty wa mwaka 1984, wengi huuona kama wa mjane aliyetafuta riziki. Pengine upo ukweli humo, lakini ulikuwa pia uamuzi wa kibiashara uliokaa sawasawa kabisa. Alikuwa na nyumba yenye vyumba vichache, mbali na ufuo, isiyo na bwawa wala uwanja wa gofu. Kwa vipimo vya kawaida vya hoteli hakuwa na kitu. Alichokuwa nacho ni madirisha ya chumba cha kulia yaliyo kwenye kimo cha kichwa cha twiga. Asubuhi twiga hutoka msituni, huja hadi nyumbani, huingiza shingo dirishani na kukuta vidonge vimewekwa karibu na sahani za mayai na chai. Jioni, kama saa kumi na moja, huja tena wakati chai inapoandaliwa nje. Hakuna anayewaswaga wala kuwafunga kamba. Hufuata ratiba ya tumbo, kama sisi sote.

Anayedhani kazi hiyo ni nyepesi na amtazame mhudumu. Twiga si paka. Kichwa chake kina vipembe vya mfupa, na madume hupigana kwa kurushiana shingo na vichwa. Pale kwenye jukwaa la Centre mwelekezi wetu aliwapanga watoto, akawaambia kwa sauti ya mwalimu: "Usimpe mgongo. Na ukiishiwa na chakula, rudi nyuma taratibu. Ukibaki hapo mikono mitupu atakupiga kichwa, atadhani unamchezea." Kisha akamtaja kila twiga kwa jina na tabia yake, huyu mpole, yule hapendi kuguswa shavu, yule mwingine ni wa kutazamwa tu kwa mbali. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi pamoja na nyumba. Umekaa vichwani mwa wafanyakazi, tena wengi wao ni watu wa mtaa, na kwangu mimi ndio sehemu kubwa ya thamani ya mahali pale.

Mwaka 2009 jumba likanunuliwa na Mikey na Tanya Carr-Hartley. Jengo la pili lenye sura ileile likaongezwa bustanini mwaka 2011, ndiyo vyumba vikafika 12. Mwaka mmoja kabla, 2010, Instagram ilikuwa imeanzishwa. Picha ya twiga aliyeingiza kichwa dirishani juu ya meza ya kifungua kinywa haihitaji maelezo, haihitaji lugha, na mtu huielewa kwa nukta moja akiwa Seoul au São Paulo. Jumba lililowahi kuchakaa mikononi mwa wapangaji likawa miongoni mwa hoteli zinazopigwa picha zaidi duniani. Mawe yalikuwa yaleyale ya 1932. Kilichobadilika ni kwamba sasa dunia nzima iliweza kumwona twiga akiwa dirishani.

Niliyapima pia majumba mengine ya enzi hiyo ili nisivutwe na uzuri wa hili moja. Nyumba ya Karen Blixen, mwendo mfupi kutoka hapo, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986 na iko chini ya taasisi ya makumbusho ya taifa. Kasri la Lord Egerton karibu na Njoro liko mikononi mwa chuo kikuu na watu huenda kulitembelea, wengine kufanyia harusi uwanjani. Zote mbili zimehifadhiwa, na nimefurahi kila nilipoingia. Lakini ndani yake unatazama viti alivyokalia mtu aliyekwisha ondoka, na mgeni akishaona mara moja hana sababu kubwa ya kurudi. Kule Lang'ata kitu kinachotazamwa kinapumua, kinazaa, kinazeeka. Mwaka ujao kutakuwa na ndama ambaye mwaka huu hakuwapo.

Sasa kasoro, maana zipo na hazipaswi kufunikwa.

Ya kwanza ni hiyo ya mtoto. Mkenya wa kawaida hawezi hata kunywa chai ndani ya jumba lile. Hoteli huwapokea waliolala pale tu. Naielewa sababu: vyumba 12 na twiga kumi hivi haviwezi kuhimili umati. Hata hivyo kuna uchungu katika kuona nyumba iliyojengwa wakati baba zetu wakiingilia mlango wa jikoni, na leo bado wengi wetu tunaiona kwa mbali. Kinachonipoza ni jukwaa lile la mbao. Lingekuwa halipo, nisingeiandikia hoteli hii neno moja la sifa.

Ya pili ni ya wanyama wenyewe. Twiga aliyezoea vidonge mkononi si twiga wa porini. Wahifadhi wengi hawapendi kulisha wanyama kwa mkono, nami nadhani wana haki ya kuwa na wasiwasi. Kuna mambo mawili yanayopunguza uzito wa hoja hiyo hapa. Vidonge ni nyongeza tu, mlo wao halisi ni majani ya msitu wa ekari 140 unaozunguka mahali pale, na nyakati ambazo hawataki kuonekana hawaonekani. Pia ndama wanaozaliwa Lang'ata hawakusudiwi kubaki Lang'ata. Wamekuwa wakihamishiwa kwenye mbuga na hifadhi kwenda kuzaliana huko, na Ziwa Nakuru ni mojawapo ya mahali ambapo twiga wa Rothschild wameota mizizi. Kundi dogo likibaki peke yake huanza kuzaliana ndugu kwa ndugu, hivyo kuhamisha ndama na kuleta damu mpya si hiari.

Ya tatu ilijitokeza mwaka 2020. Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 25 Machi hadi 1 Agosti. Hoteli inayoishi kwa wageni wa ng'ambo ikakosa wageni wa ng'ambo, na kituo kinachoishi kwa viingilio kikakosa viingilio. Twiga hawakupunguza kula. Biashara iliyojengwa juu ya picha moja nzuri ina mguu mmoja, na mwaka ule kila mtu aliuona. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa ya kulilinda lango la wananchi: mipaka ikifungwa, watakaobaki kununua tiketi ni watu wa Rongai, Kibera, Kiserian na Karen.

Mwaka huohuo, mbali na Lang'ata, twiga tisa wa Rothschild walikuwa wamezingirwa na maji kwenye kisiwa cha Longicharo, Ziwa Baringo. Walipelekwa mahali pale mwaka 2011 pakiwa bado pameungana na nchi kavu, ziwa likapanda. Jamii za pale, zilizowahi kuibiana mifugo na kupigana, zilikuwa zimeungana kuanzisha hifadhi ya Ruko na kuwaona twiga kama mali yao. Wakavushwa kwa jahazi la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho akafika nchi kavu Aprili 2021. Nalileta hili kwa sababu linajibu wale wanaodai kwamba bila jumba la kifahari twiga hana mtetezi. Baringo hakukuwa na madirisha marefu wala kifungua kinywa. Kulikuwa na Wailchamus na Wapokot walioamua kwamba mnyama huyu arudi kwao, na mashirika yaliyowaunga mkono. Lang'ata ni njia mojawapo. Ina bahati ya kuwa karibu na uwanja wa ndege.

Ukitaka kwenda, nenda Giraffe Centre asubuhi mapema, twiga wakiwa na njaa. Kufikia saa saba mabasi ya shule na wageni wamekwisha washibisha, nao huanza kuchagua. Ng'ambo ya barabara kuna njia ya miguu inayoshuka msituni kuelekea mto Gogo, na karibu kila mtu huiruka. Usiiruke. Ndege ni wengi, na ndiko utakakouelewa msitu unaowalisha wanyama hawa pale mikono yetu inapoondoka. Na ukiwa umejaliwa kuweka akiba ya kulala upande wa pili, sitakuonea wivu wala kukusema. Ila ukiwa dirishani na kikombe chako, tazama ng'ambo ya nyasi. Kuna jukwaa.

Sisi tulikaa hadi kufunga. Centre hufunga saa kumi na moja, saa ileile ambayo chai huandaliwa kule jumbani. Mwelekezi alianza kuwaomba watu washuke ngazi, na ngiri waliokuwa wakiokota mabaki chini ya jukwaa wakaondoka mikia juu. Binti yetu alikuwa na vidonge vitatu vya mwisho. Yule jike akavichukua kimoja kimoja, akaukunja ulimi wake mweusi, kisha akageuka bila kuitwa na mtu na kuvuka nyasi polepole kuelekea kwenye madirisha, ndama wake akimfuata nyuma.

"Anaenda kula tena," mtoto akasema.

Tukamtazama hadi alipofika.